Ukolezi wa myeyusho: maswali yenu wiki hii

Nimepima gramu 4 za sodiamu hidroksidi nikaziyeyusha kwenye lita moja ya maji. Kwa nini mwalimu anakataa kwamba ni 0.1 M? (Mwanafunzi, kidato cha tatu)

Mwalimu wako yuko sahihi. M (molari) ni idadi ya moli, yaani kipimo cha wanakemia cha kiasi cha dutu, katika kila lita, na lita inayohesabiwa ni ya myeyusho mzima, si ya maji uliyotia. Yeyusha kwanza kwenye bika kwa maji kidogo, uache upoe maana hutoa joto jingi, kisha umimine kwenye chupa ya ujazo yenye alama ya lita moja. Suuza bika, na maji ya kusuuzia yaingie humo humo. Ndipo uongeze maji hadi kwenye alama.

Hata hapo bado hujamaliza. Sodiamu hidroksidi huanza kunyonya unyevu na kaboni dioksidi ya hewani mara tu unapofungua kopo, hivyo gramu 4 za mizani si gramu 4 halisi. Ukolezi wake wa kweli hupatikana kwa titresheni, yaani kupima ni asidi kiasi gani ya ukolezi unaojulikana inayoimaliza, ukitumia asidi oksaliki, ambayo fuwele zake hupimika kwa uhakika. Tuseme 25 cm³ za besi yako, yaani myeyusho wa sodiamu hidroksidi, zimehitaji 24 cm³ za asidi ya 0.05 M. Moli moja ya asidi hii humaliza moli mbili za besi, kwa hiyo yako ni 0.096 M. Andika hiyo kwenye lebo, kwa sababu hesabu zote zitakazofuata zitaitegemea.

Nina asidi salfuriki ya 18 M. Nitapataje 250 cm³ za 1 M?

Moli ni zile zile, kinachoongezeka ni maji: 250 × 1 ÷ 18, karibu 13.9 cm³ za asidi yako. Mimina asidi kwenye maji, polepole, huku ukikoroga. Kamwe usimimine maji kwenye asidi: yanaweza kuchemka papo hapo na kukurushia asidi usoni. Vaa miwani.

Kisima chetu mkoani Arusha kimepimwa: floridi miligramu 3 kwa lita. Mbona hawakuandika kwa molari? Na tukichemsha maji, itapungua?

Kwa molari ingekuwa 0.00016 M hivi, namba isiyomsaidia anayetaka kujua kama maji yanafaa kunywa. Miligramu kwa lita unailinganisha moja kwa moja na kikomo cha Shirika la Afya Duniani, yaani 1.5. Yenu ni maradufu.

Msichemshe mkitegemea kuipunguza. Vijidudu hufa, lakini floridi haitoki na mvuke. Lita 2 zikichemka hadi ikabaki lita moja na nusu, miligramu 6 zile zile bado zimo, na sasa ni 4 kwa lita. Watoto ambao meno yao bado yanajijenga ndio wanaodhurika mapema. Wao kwanza wapeni maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au ya chanzo kingine kilichopimwa.