Ukungu wa Juni si masika yaliyochelewa
Je, ukungu na manyunyu ya asubuhi tunayoyaona Moshi na Arusha mwezi Juni ni masika yaliyochelewa? Hapana, si mabaki ya masika, bali ni kipupwe chenyewe, yaani msimu wa baridi. Masika kwa kawaida humalizika Mei. Kisha upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nayo inapopandishwa na miteremko ya Kilimanjaro na Meru hupoa na kufanya mawingu ya chini, ambayo huweza kuuficha mlima siku nzima. Sisi tuliokulia Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tunajua kwamba ukiyapita mawingu hayo kwa kupanda juu, jua huwaka. Mvua kubwa yenye radi ni jambo jingine, na hapo fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.