Kuhusu marudio katika Moon Tiger

Ndugu, umeuliza kwa nini Penelope Lively, katika riwaya hii iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1987, husimulia tukio moja zaidi ya mara moja. Amekusudia. Claudia, mhusika mkuu, mwanahistoria aliyelazwa akikaribia kufa, hukumbuka maisha yake bila kufuata mpangilio wa miaka, kisha tukio hurudiwa kwa macho ya mwingine, mathalani bintiye Lisa, ambaye hakuliona hivyo hata kidogo. Jina la kitabu ni la dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya kijani iliyojiviringa, inayoteketea usiku kucha kando ya Claudia na mpenzi wake Tom huko Misri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huku ikidondosha majivu. Kwangu mimi, muda unaonekana hapo zaidi kuliko katika kurasa zote za vita. Usihangaike kupanga tarehe unaposoma.