Maswali Yenu: Mbona Injini ya Ndege Haiyeyuki?

Tangu niandike kuhusu ndege zinazotua KIA, maswali yamemiminika. Leo najibu manne.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu hapa Moshi. Moto wa injini ya ndege unaweza kuyeyusha chuma. Mbona injini yenyewe haiyeyuki?

Marahaba mwanangu. Kuna watu wamelifanyia kazi swali hilo maisha yao yote. Hewa inayotoka kwenye chumba cha kuchomea mafuta hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, na aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli ya mapanga ya turbini, gurudumu linalozungushwa na hewa hiyo, huyeyuka kabla ya kufika hapo. Sasa litazame jiko la mkaa la nyumbani. Ndani ya bati kuna kigae cha udongo. Kikibomoka, bati halimalizi mwaka. Mapanga ya turbini nayo yana kigae chao: seramiki ya zirkonia iliyopakwa kwa unene usiofika milimita moja. Utafiti wake ulishika kasi miaka ya 1970 katika maabara ya NASA, shirika la anga la Marekani, huko Cleveland, Ohio.

Niliwahi kushika panga moja lililokwisha muda wake. Lilikuwa fupi kuliko kiganja changu, zito, na ukingoni lina vitundu kama vya sindano. Hewa hupulizwa kutoka ndani kupitia vitundu hivyo, ikalifunika panga kama shuka, moto usiliguse.

Kazi bado inaendelea. Mwaka 2022 NASA ilitangaza aloi ya GRX-810, ya nikeli, kobalti na kromu yenye chembe ndogo mno za oksidi ndani yake. Huundwa kwa printa ya 3D, tabaka juu ya tabaka, na hustahimili zaidi ya nyuzi 1,090. Hilo ni joto la chuma chenyewe, usilichanganye na lile la moto unaopita juu yake.

Ni kweli ndege inatumia mafuta ya taa? (Msomaji, Bomang'ombe)

Ni ya ukoo huohuo, ila yamesafishwa na kupimwa kwa ukali zaidi. Jet A-1 haitakiwi kuganda mpaka baridi ipite nyuzi 47 chini ya sifuri, maana ndege kubwa huruka karibu mara mbili ya urefu wa Kibo. Ya kibatari yaacheni kwenye kibatari.

Tulihamasishwa kupanda mibono, tukaambiwa ni mafuta ya kesho. Yangerusha ndege kweli? (Mkulima, Arumeru)

Yamekwisha kurusha, ndugu yangu. Desemba 2008 Air New Zealand ilijaribu Boeing 747 ambayo injini yake moja ilichoma mchanganyiko wenye nusu mafuta ya mbono. Mwaka 2013 na 2014 NASA ilirusha ndege ya DC-8 kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu, safari hii kwa mafuta ya mmea wa kamelina, huku ndege nyingine zikiifuata nyuma kunusa moshi wake. Chembe za masizi zilipungua kwa asilimia 50 hadi 70.

Lakini mafuta ya mbegu hayaendi kwenye tangi moja kwa moja. Lazima kwanza yapitishwe kiwandani, yachakatwe kwa haidrojeni. Na mbono kwenye ardhi kame huzaa kidogo. Waliowaambia mtajaza magunia bila maji wala mbolea waliwakosea, na inaniuma kila ninapopita kwenye yale mashamba yaliyotelekezwa.

Kwa nini kodi ya wananchi itumike kwa utafiti kama huu wa NASA? Kampuni hazina hela? (Mama wa Sakina, Arusha)

Hela zipo, mama, subira ndiyo haba. Wataalamu wa ile maabara ya Cleveland walihangaika na mafuta ya haidrojeni ya kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, tangu miaka ya 1950. Roketi ya Centaur iliyoitumia ilifanikiwa kwa mara ya kwanza Novemba 1963. Ni mfanyabiashara gani angengoja hivyo bila kuuza kitu? Tena ripoti nyingi za NASA husomwa bure. Mwanao akiwa pale chuo cha Nelson Mandela, Tengeru, anaweza kuifungua leo usiku ripoti ileile anayoisoma mhandisi wa Ohio.