Barua kwa mwanangu: ada ya Ujerumani ni Kijerumani

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umefika, na mama yako kaniomba nisikujibu usiku uleule, maana anajua nikianza habari za Ujerumani silali. Umeniuliza jambo moja. Chuo cha binafsi cha Berlin kimeshakupa nafasi ya kuanza Oktoba, masomo kwa Kiingereza, ada euro 12,000 kwa mwaka. Chuo kikuu cha serikali cha Halle, kwa programu ya kompyuta uliyoitaka, hakikutozi ada, lakini masomo ni kwa Kijerumani na hawakupokei mpaka uufaulu mtihani wao wa lugha, ule wa DSH. Kipi kina hadhi zaidi, unauliza, cha umma au cha binafsi?

Hadhi naimaliza haraka. Kwa sheria za kule, chuo cha binafsi kilichotambuliwa na serikali ya jimbo hutoa shahada inayokubalika sawa na ya chuo cha umma. Ingia anabin, ile kanzidata ya Wajerumani ya vyuo, uangalie kama mbele ya jina la chuo chako pana alama ya H+. Ikiwepo, kinatambuliwa. Na vya binafsi si vya kubezwa vyote. Palepale Leipzig, mji niliosomea, ipo HHL, skuli ya biashara iliyoanza mwaka 1898, leo ni ya binafsi, na kuingia humo ni kazi. Wala vya umma si bure kila mahali. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kuwatoza tangu 2024. Kwa hiyo umma na binafsi, kwa jina tu, hayakwambii mengi.

Mimi nakuuliza swali jengine: utaishi kwa lugha gani?

Mmelisikia hili mezani tangu wadogo, na leo narudia. Ada ya Ujerumani ni Kijerumani. Ukienda chuo cha umma utailipa kabla ya kuingia, kwa madaftari na usiku wa kukesha. Ukienda cha binafsi utalipa euro, na Kijerumani utabaki unadaiwa palepale, kwa mwenye nyumba, kwa daktari, kwa karani wa kibali cha ukaazi, kwa kila bosi utakayemwomba kazi.

Nilipofika Leipzig mwaka 1984 sikupelekwa chuoni kwanza. Nilipelekwa Herder-Institut, mtaa wa Lumumbastraße, na Lumumba mwenyewe amechongwa pale nje. Darasani kwetu tulikuwa Wayemeni, Wavietnam, Wacuba, Wamsumbiji, na lugha ya kuunganisha haikuwepo isipokuwa ile tuliyokuja kujifunza. Asubuhi mpaka jioni Kijerumani, jioni mazoezi, Jumapili mwalimu anatuchukua sokoni na kutulazimisha tuulize bei. Nilikuwa nalia, wallahi, mtu mzima, kwa sababu ya vile vitenzi vinavyokatika vipande viwili na kipande kimoja kukimbilia mwisho wa sentensi. Jengo lile leo ni Studienkolleg ya jimbo la Sachsen, bado linawatayarisha wageni kama sisi.

Sasa kisa cha ndama. Mama yako anasema mmekisikia mpaka mmekihifadhi, lakini sehemu moja sijawahi kukueleza sawasawa.

Mwaka wa nne wa utabibu wa mifugo tulipelekwa kwenye ushirika wa kilimo nje ya mji kufanya mazoezi. Theluji, zizi la matofali, ng'ombe weusi na weupe wamepangwa safu mbili. Usiku mmoja mwalimu wetu aliitwa zizi jengine, na mie nikabaki na mama mmoja mkamuaji, mtu wa makamo, mikono mipana, hajawahi kuzungumza na Mwafrika maishani mwake. Ng'ombe akaanza kuzaa. Miguu miwili ya mbele ikatoka, kichwa hakikutoka. Ndama kageuza shingo nyuma.

Hapo mtu huna muda. Nilivua shati, nikajisugua sabuni mpaka begani, nikaingiza mkono. Kazi ni kumsukuma ndama arudi ndani kidogo, upate nafasi ya kuishika taya yake na kukileta kichwa mbele. Lakini huwezi kusukuma wakati mama yake anasukuma nje. Lazima mtu aliyesimama nyuma ya ng'ombe akwambie lini anaanza na lini ameachia. Na yule mama alikuwa akiniambia, kwa Kijerumani cha kwao Sachsen, kile ambacho p inasikika b na t inasikika d, cha harakaharaka, maneno ya zizini ambayo hayamo kitabuni. Subiri. Subiri bado. Sasa. Acha. Sasa tena. Kila neno nililielewa. Nilipoikamata taya nilimwambia afunge kamba juu ya kifundo, si chini yake, na yeye akanielewa. Ndama alitoka hai. Tulimsugua kwa majani makavu mpaka akapiga chafya.

Sehemu ambayo sikuwahi kukueleza ni hii. Asubuhi yake wakulima walipokuja, yule mama hakuwaambia kuwa mwanafunzi wa Kiafrika kamtoa ndama. Aliwaambia, "daktari wetu kamtoa." Niliyasikia hayo nimesimama nje ya mlango, sikuwa nimekusudiwa kuyasikia. Mpaka leo nikiyakumbuka nafurahi kama mtoto. Kwa Kiingereza ningebaki kwenye lango la ule ushirika, wangeniletea chai wakaniona mgeni mwema, basi.

Na la cheti nalo nilitaje, ingawa lile halinifurahishi. Shahada yangu imetolewa majira ya joto ya 1990, jina la chuo limeandikwa Karl-Marx-Universität, na muhuri wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo nchi ile ikafutika, na mwaka uliofuata chuo nacho kikaliacha jina la Marx. Nikarudi nyumbani nikaenda kuajiriwa. Katika ofisi moja, karani akakisoma cheti, akanyanyua macho kwenye ramani ya dunia ukutani, akakisukuma kwa kidole kimoja kurudi upande wangu wa meza. "Nchi hii haipo." Nyuma yangu foleni ya watu wananijua, wazazi wao wananijua. Nilikichukua nikaondoka bila neno. Kile kidole bado nakiona.

Niliandika barua Leipzig, mwenyewe, kwa Kijerumani, kwenye meza ya bibi yako Kikwajuni, Zanzibar, katika zile fleti walizotujengea haohao Wajerumani wa Mashariki. Mwanamke wa masjala alinijibu. Alikuwa ameliona jina langu kwenye rejista, alama zangu zote, na juu ya barua jina jipya la chuo, Universität Leipzig, na muhuri mpya. Nchi ilikufa, chuo kikabaki. Chuo kile kipo tangu 1409, kimewazika wafalme na vyama. Sasa mlinganishe na kijana wa shangazi yako Mwanaidi, yaliyomkuta unayajua, chuo chake cha binafsi kilivyofungwa, na ile mikarafuu waliyoiuza mmojammoja kumsomeshea. Leo akitaka nakala ya alama zake hana mlango wa kubisha.

Lakini nisiwe dhalimu. Chuo chako cha Berlin si kile cha kijana wa shangazi yako. Vya binafsi vilivyotambuliwa Ujerumani vinakaguliwa. Madarasa yao mara nyingi ni madogo, wana watu wa kukutafutia mazoezi kazini, na kampuni nyingi za kompyuta za Berlin zinafanya kazi kwa Kiingereza siku nzima. Mama yako kanikalisha jana akaniambia, "Wewe ulilipiwa kila kitu na serikali mbili, chumba, chakula, vitabu, na mwaka mzima wa lugha. Mtoto huyu anajilipia mwenyewe, ana miaka 26, unamwambia akae mwaka na nusu ajifunze der, die, das?" Nilinyamaza. Ana haki. Mwaka na nusu wa msichana wa miaka 26 si sawa na mwaka wa kijana wa ishirini aliyebebwa na serikali.

Halafu nikakumbuka hesabu. Viza ya mwanafunzi inataka akaunti iliyofungwa, Sperrkonto, euro 11,904 kwa mwaka, unaruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Hiyo ni lazima, uende cha umma au cha binafsi. Halle juu yake utaongeza mchango wa muhula tu. Berlin utaongeza 12,000, na mwaka wa pili 12,000 nyengine. Utasema utafanya kazi. Sheria inakuruhusu siku 140 kamili kwa mwaka, sawa, lakini duka la mikate, hospitali, ghala, mkahawa, wote watakuuliza lugha. Umeona? Tumerudi palepale. Ada ya Ujerumani ni Kijerumani.

Na ukimaliza, kote kuwili wanakupa miezi 18 ya kutafuta kazi. Hiyo miezi anayeijua lugha huitumia kutafuta kazi. Asiyeijua huenda akaitumia kujifunza lugha.

Naona nimeshaanza kukuamulia, na mama yako alinikataza. Nirudi nyuma. Ipo njia ya tatu ambayo hukuitaja kabisa, na nashangaa. Vyuo vya umma vina programu za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza, nyingi hazina ada. Maombi ya vyuo vingi yanapitia uni-assist, euro 75 kwa chuo cha kwanza na 30 kwa kila kinachofuata katika muhula huo. Ushindani ni mkubwa na majibu yanachelewa, pengine ndiyo maana uliona uzito. Lakini usiniambie kuna milango miwili kabla hujaugusa wa tatu. Hata huko, Kijerumani uanze.

Halle ikiwa ndiyo, nitafurahi kwa sababu zangu. Ni mwendo mfupi wa treni kutoka Leipzig. Na ndipo alipojiandikisha Anton Wilhelm Amo mwaka 1727, mtoto aliyetolewa Axim, Ghana ya leo, akafikia kufundisha palepale. Maandishi yake aliyaandika kwa Kilatini, kwa sababu Kilatini ndicho kilichokuwa lugha ya vyuo enzi zile. Hakuomba afundishwe kwa lugha nyepesi zaidi. Ukifika, nenda kaione sanamu ya pale inayohusishwa na jina lake.

Berlin ikiwa ndiyo, kiwanja cha Fuoni kipo. Sikutaji ili ujione mzigo. Nimemwambia mama yako kiwanja si roho, kinauzika. Isipokuwa nitakuomba, kabla hujalipa hata amana, uwaandikie uwaulize mambo mawili na wakujibu kwa maandishi. Masomo ni ya darasani kabisa, au mengine ni ya mtandaoni? Maana kibali cha ukaazi unapewa uwepo pale usome, na chuo kikikuweka nusu kwenye kompyuta unaweza kutiliwa shaka. Na ukishindwa mwaka wa kwanza, au viza ikikataliwa, wanarudisha ada kiasi gani na kwa muda gani? TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao waulize mapema kuhusu utambuzi wa shahada hiyo, usingoje urudi nayo mkononi.

Ulimi unaniwasha. Ningekuwa mimi ni wewe, najua ningesema nini, na wewe unajua. Lakini wewe ndiye utakayeamka asubuhi za baridi kule, na kaka yako nilimchagulia kila kitu hakunishukuru wala sikumtaka anishukuru. Sikwambii.

Goethe, ile taasisi ya Kijerumani pale Upanga, Dar, wana madarasa ya jioni, nimeshaulizia. Kutoka kazini kwako si mbali. Jiandikishe hata kama unakwenda Berlin.

Ule mkataba wa chuo cha binafsi nitumie kwa WhatsApp wote, na zile kurasa za mwisho zenye herufi ndogo, na kama upo wa Kijerumani nitumie huo, ndio nitakaousoma. Nakutaka majibu kabla ya Ijumaa. Mama yako anakusalimu sana, anauliza kama ule udi umekufikia. Ami yako katoka hospitali, hajambo.

Baba yako