Maswali ya Wasomaji: Chumba, Chakula na Kiapo cha Uaminifu

Toleo lililopita tuligusia nyumba za wapangaji wanawake mjini Washington kati ya 1950 na 1954, siku ambazo Seneta Joseph McCarthy aliwasaka wakomunisti serikalini na nchi nzima ikaingiwa na hofu. Barua nyingi zimetufikia, kadhaa zikiwa za watu wanaoandika riwaya na tamthilia za kipindi hicho. Tumechagua zenye swali la wazi.

Naomba ufafanuzi. Nyumba hizi zilikuwa bweni, hoteli, au nyumba za kupanga tu? Na msichana wa ofisini alilipwa kiasi gani? (Mwandishi wa riwaya)

Zilikuwa nyumba za watu, za matofali, ghorofa tatu au nne, ambazo mwenyewe, mara nyingi mama mjane, amezigawa vyumba ili apate riziki. Usichanganye aina mbili. Ipo ya chumba na chakula: unalipa kwa wiki, unapata kitanda, shuka, kifungua kinywa, na chakula cha jioni mezani pamoja na wenzako. Ipo pia ya chumba kitupu, chakula ujitafutie. Kufikia 1950 aina ya kwanza ilikuwa inafifia, kwa hiyo ukiiweka kwenye riwaya, msomaji aone kwamba mama huyu anashikilia desturi ya zamani.

Mshahara uko wazi kisheria. Sheria ya 1949 iliweka madaraja ya mishahara ya watumishi wa serikali kuu, yaliyoitwa GS. Karani mpiga chapa wa GS-3 alianzia dola 2,650 kwa mwaka, na 1951 kima hicho kikapanda hadi dola 2,950. Alilipwa kila baada ya wiki mbili, mara 26 kwa mwaka, yaani karibu dola 102 mwanzoni na dola 113 baada ya nyongeza. Hapo hujakata asilimia 6 ya mfuko wa pensheni, wala kodi ya mapato. Usimpe mhusika wako mshahara wa mwisho wa mwezi. Kosa hilo tumeliona mara nyingi, na linaharibu hesabu ya kila kitu kinachofuata: siku ya kulipa chumba, siku ya kununua soksi, siku ya kukopeshana.

Kwenye rasimu yangu mpangaji anapika kwa siri chumbani, umeme unakatika nyumba nzima, na mama mwenye nyumba anapanda ngazi moja kwa moja hadi mlangoni kwake. Inawezekana? (Mwandishi wa tamthilia)

Inawezekana nusu. Kwanza, giza lisiwe la nyumba nzima. Kila fyuzi ilihudumia njia moja ya umeme, pengine vyumba viwili vitatu na ukumbi wa ghorofa hiyo. Walio chini wanaendelea kula na taa zinawaka.

Pili, fanya hesabu. Njia ya kawaida ilikuwa na fyuzi ya ampea 15. Zidisha kwa volti 120, unapata wati 1,800. Jiko dogo la umeme la koili moja linakula kama wati 1,000, na pasi hivyo hivyo. Viwili kwa pamoja vinafika 2,000. Fyuzi inaweza kuvumilia dakika kadhaa, hata zaidi. Lakini mpangaji wa tatu akichomeka kibaniko cha mkate kwenye njia ile ile, mzigo unafika ampea 25 na ukanda mwembamba ndani ya fyuzi unayeyuka upesi. Kwa hiyo aliyezima taa huenda si mpishi, ila jirani yake aliyewasha kifaa cha mwisho.

Tatu, mama anajuaje? Anashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, anafungua sanduku la fyuzi, anatazama kidirisha cha kioo. Kioo kikiwa kimeungua cheusi, nyaya zimegusana mahali. Kioo kikiwa safi na ukanda umekatika katikati, kuna mtu amezidisha mzigo. Hapo anajua kuna jiko la siri, na anajua ni ghorofa ipi. Mlango wa nani, bado hajui. Atanusa kahawa.

Kuna hatari moja usiiache nje. Watu waliochoka kununua fyuzi walitia sarafu ya senti moja nyuma ya ile iliyoungua, au walifunga ya ampea 30 kwenye tundu la 15, maana skrubu yake ni ile ile. Taa zinarudi, lakini sasa hakuna kinachokatika zaidi ya waya wenyewe ndani ya ukuta. Nyumba za zamani zilikuwa na nyaya za mpira na kitambaa zilizoshikiliwa na vishikizo vya kauri. Joto hukausha ule mpira, unapasuka, na moto unaanzia mahali pasipoonekana. Marufuku ya kupika chumbani haikuwa roho mbaya ya mama mwenye nyumba.

Wanawake wanane, bafu moja. Waliwezaje? (Msomaji)

Kwa ratiba iliyobandikwa mlangoni. Tangi la maji ya moto la galoni 30 ni kama lita 114. Mtu akijaza hodhi la kuogea nusu, kiasi cha galoni 15 za maji ya moto zimekwenda. Wawili wakishaoga, wa tatu anakuta vuguvugu, na tangi linahitaji karibu saa nzima kupata joto tena. Ndiyo maana wengine walioga usiku na wengine alfajiri. Soksi za nailoni zilifuliwa kila jioni kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu, zikaviringishwa ndani ya taulo kukamua maji, kisha zikaning'inizwa mbali na kipasha joto. Ukizikunjakunja kwa kucha, zinafumuka.

Je, ni kweli mama mwenye nyumba alikuwa mpelelezi wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu? (Mwanafunzi wa historia)

Kwa kawaida, hapana. Alikuwa mtu anayeulizwa, na hilo lilitosha kuleta madhara.

Amri ya Rais Truman namba 9835, ya Machi 21, 1947, iliagiza kila mtumishi wa serikali kuu na kila mwombaji kazi achunguzwe uaminifu wake. Kwa walio wengi uchunguzi uliishia kwenye mafaili: ya FBI, ya Tume ya Utumishi, ya upelelezi wa jeshi, ya Kamati ya Bunge ya Shughuli Zisizo za Kimarekani, na ya polisi wa mahali alikoishi. Jina likikutwa na doa lolote ndipo maofisa wa FBI walipotoka kwenda kuuliza watu: waajiri wa zamani, walimu, majirani, na huyu mama.

Fikiria anayoyajua bila kukusudia kujua. Anajua nani amekuja sebuleni na ameondoka saa ngapi. Simu ni moja, iko ukumbini, na anayezungumza anasikika hadi jikoni. Barua anazipanga yeye mezani, kwa hiyo jina la mtumaji na muhuri wa posta vinaonekana kabla mwenye barua hajarudi kazini. Kufungua barua bila hati ya mahakama kulikuwa kosa, ila posta iliweza kuwaandikia wapelelezi yaliyo nje ya bahasha. Mezani pale ukumbini, kila mpangaji aliweza kuyasoma.

Jibu lake likishaandikwa, jina lake hutoweka. Ripoti za FBI zilimtaja mtoa habari wa siri kwa alama tu, kama T-1. Mpangaji atakayekuja kuhojiwa hataambiwa kama T-1 ni mama, ni mwenzake wa chumba cha pili, au ni mtu aliyekosana naye kwa ajili ya zamu ya bafu. Ukiandika tamthilia, ukali wa wakati ule uko hapa. Watu wanaokula meza moja wanaanza kupima maneno.

Mpangaji akishatuhumiwa, hatua zilikuwa zipi? Alikamatwa? (Mwandishi wa riwaya)

Hakukamatwa. Kesi hizi hazikuwa za jinai, na hakuna pingu. Alipoteza kazi, na pamoja nayo uwezo wa kulipa chumba.

Alipata kwanza barua yenye tuhuma, mara nyingi zimeandikwa kwa ujumla: kwamba amekuwa mwanachama wa chama fulani, au ana "uhusiano wa huruma" nacho. Vyama hivyo vilikuwa kwenye orodha ya Mwanasheria Mkuu ya vyama vilivyodhaniwa kuwa vya kikomunisti au adui wa serikali, iliyotangazwa Desemba 1947. Alijibu kwa maandishi, kisha akafika mbele ya bodi ya uaminifu ya idara yake, akiwa na wakili kama ana fedha za kumlipa, na mashahidi wake mwenyewe. Akishindwa, alikata rufaa kwa mkuu wa idara, na mwisho kwa Bodi Kuu ya Mapitio.

Lililokosekana ni haki ya kumwona anayekushtaki. Dorothy Bailey, mtumishi wa idara ya ajira, alikana tuhuma kwa kiapo. Upande wa pili zilikuwepo taarifa za watu ambao majina yao hata wajumbe wa bodi hawakuyajua, na hawakuwa wameapa. Miongoni mwa maswali aliyoulizwa ni kama aliwahi kuliandikia Shirika la Msalaba Mwekundu kupinga kutenganisha damu ya weusi na weupe. Alifukuzwa. Aprili 30, 1951, Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika 4 kwa 4, na kwa sare hiyo kufukuzwa kwake kukabaki palepale.

Mwezi huo huo kipimo kilibadilishwa. Kabla ya hapo bodi ilihitaji sababu za kuridhisha za kuamini kwamba mtu si mwaminifu. Sasa shaka ya kuridhisha ilitosha. Aliyekwisha kusafishwa aliweza kuitwa upya. Tunasisitiza tarehe hii kwa sababu mhusika anayepumua Januari 1951 huenda akaitwa tena Julai.

Wanawake weusi waliishi wapi? (Msomaji)

Katika nyumba nyingine kabisa. Washington ilikuwa na ubaguzi wa rangi. Mikahawa ya katikati ya mji ililazimishwa kuwahudumia weusi kwa hukumu ya Juni 8, 1953. Wanawake hao walipanga kwa familia za weusi au kwenye hosteli ya Phyllis Wheatley ya YWCA, chama cha wanawake wa Kikristo. Hofu iliwafuata huko huko. Annie Lee Moss, mtumishi wa mawasiliano Pentagon, makao makuu ya jeshi, aliitwa mbele ya kamati ya McCarthy Machi 11, 1954, na jambo mojawapo aliloulizwa lilikuwa gazeti la wakomunisti, Daily Worker, lililokuwa likiletwa nyumbani kwake. Wanahistoria hawajaafikiana kama aliwahi kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Kazi ya serikali alirudishiwa 1955.

Wanawake wawili kukaa chumba kimoja kulitiliwa shaka? (Jina limehifadhiwa)

Kushirikiana chumba ili kupunguza gharama kulikuwa jambo la kawaida sana. Hata hivyo, Februari 1950 Wizara ya Mambo ya Nje ilikiri kuwaondoa watu 91 kwa madai ya ushoga, na amri namba 10450 ya Rais Eisenhower, Aprili 27, 1953, iliuingiza "upotovu wa kijinsia" kati ya sababu za kumkosesha mtu kazi. Wanawake nao waliguswa. Neno moja la jirani kuhusu marafiki wawili wasioachana lilitosha kuanzisha maswali, na wengi walichagua kujiuzulu kimya badala ya kuulizwa mambo ya kitandani mbele ya wanaume wasiowajua.

Nimewakusanya wapangaji wote sebuleni wakitazama televisheni siku wakili Joseph Welch alipomuuliza McCarthy kama hana hata chembe ya utu. Tukio liko sawa? (Mwandishi wa tamthilia)

Televisheni iko sawa, watu hawako sawa. Welch, wakili wa Jeshi, alisema hayo kwenye vikao vya Seneti vya mgogoro kati ya Jeshi na McCarthy, Juni 9, 1954, siku ya Jumatano, mchana. Stesheni za ABC na DuMont zilirusha moja kwa moja, ila saa hizo makarani wako ofisini, nyuma ya mashine zao za taipu. Wao waone vipande vya filamu vilivyoonyeshwa usiku na CBS, au wasome gazeti la kesho yake. Mchana ule sebuleni mweke mama mwenye nyumba na pasi yake, mpangaji wa zamu ya usiku aliyeamshwa na sauti, na yule aliyesimamishwa kazi tangu mwezi uliopita, ambaye bado hajawaambia wenzake kwa nini siku hizi haondoki asubuhi.