Nchi tajiri sio lazima iwe na wanawake wengi kazini

Hapana kaka, umesema nchi ikitajirika wanawake wanaoajiriwa nao wanaongezeka tu, haiendi hivyo. Cheki Marekani, mwaka 1950 wanawake waliokuwa kwenye soko la ajira walikuwa kama 34% ya wanawake wote wazima, wakapanda mpaka 60% hivi kufika 2000, halafu hapo wakagota na wakashuka kidogo. Japani waliokuwa nyuma miaka yote wakaja kuwapita miaka ya 2010 kwa wanawake wa miaka 15 hadi 64, likizo ya uzazi na nafasi za kulea watoto ziliongezwa na wazee nao wamejaa kwahiyo wafanyakazi wanatafutwa kweli, ila usishangilie sana maana zaidi ya nusu yao wana ajira zisizo za kudumu, vibarua vya masaa machache na mishahara ya chini.

Alafu Tanzania yetu asilimia iko juu kuliko hao wote, sasa tuseme sisi ndo matajiri? Mama anayelima na kuuza vitumbua naye anahesabiwa yuko kazini. Claudia Goldin, mwanauchumi wa Marekani, alipata Nobel ya uchumi 2023 kwa mambo haya haya, mchoro wake wa wanawake walio kazini una umbo la herufi U, enzi za kilimo wako juu, viwanda vikaja wakashuka, elimu na kazi za ofisini zikawapandisha tena.