Niling'olewa magego manne ili nifungwe waya: yaliyoipata mizizi na mfupa wangu

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa miaka 16, nimesoma swali lako nikashindwa kupita kimya. Umesema daktari anataka ang'olewe magego madogo manne, yale yanayofuata chonge, kabla hajafungwa waya wa kunyoosha meno, na jirani amekutisha kwamba taya litaliwa na meno ya mbele yatalegea akifika umri wako. Mimi si daktari. Ila niling'olewa hayo hayo manne nikiwa na miaka 24 hapa Dar es Salaam, nikavaa waya karibu miaka mitatu, na mizizi ya meno yangu mawili ya mbele ni mifupi hadi leo. Hofu yako naielewa kabisa, ila naona imelenga pasipo.

Nianze na mfupa. Ule ukingo wa taya unaoshika meno upo kwa ajili ya meno. Jino likitoka na pengo likaachwa wazi, ukingo unanywea, hasa ukuta wa upande wa shavu ambao ni mwembamba mno. Ndani ya mwaka mmoja unaweza kupoteza hadi karibu nusu ya upana wake, na sehemu kubwa inaondoka katika miezi mitatu ya kwanza. Hilo jirani yako hakulitunga, nadhani ameliona kwa wazee waliong'olewa meno mashavu yakabonyea. Lakini kwenye waya pengo haliachwi. Jino lililo kando yake linavutwa liingie pale, na likija linakuja na mfupa wake.

Linakujaje? Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba sana, kama robo ya milimita hivi. Jino likisukumwa, upande unaobanwa zinakuja chembe zinazokula mfupa, na upande unaoachwa nyuma zinakuja nyingine zinazojenga mfupa mpya. Hivyo jino linatembea ndani ya taya, kwa wastani milimita moja kwa mwezi. Pengo la gego dogo lina kama milimita 7. Piga hesabu uone kwa nini hakuna njia ya mkato.

Mimi pengo langu moja lilichelewa. Nilihamishiwa Sumbawanga kikazi muda mfupi baada ya kung'olewa, nikakaa miezi minane bila kukazwa waya. Niliporudi, pengo la chini kushoto lilikuwa halijaanza kufungwa. Nikipitisha ulimi nakuta bonde, na nikiweka kidole upande wa shavu kinazama. Kulifunga kulichukua zaidi ya mwaka, na meno yalipokutana ufizi ulijikunja katikati ukaacha mpasuko mdogo. Nyuzi za nyama zinanasa humo kila nikila. Kila usiku nausafisha kwa kile kibrashi chembamba cha kupitisha kati ya meno, na nikiacha siku mbili tu unaanza kuvuja damu. Kwa hiyo kama binti yako anatarajia kwenda shule ya bweni mbali, au mna safari ndefu, mwambieni daktari kabla hajashika koleo. Kung'oa na kuvuta visiachane sana.

Sasa mizizi, na hapa ndipo nilipoumia zaidi.

Daktari wangu wa kwanza alipiga picha ya taya zima mwanzoni, basi. Baada ya hapo ilikuwa ni kukaza waya na kubadilisha raba, mwaka na nusu. Sikusikia maumivu yoyote zaidi ya yale ya kawaida ya siku mbili tatu baada ya kukazwa. Nilipohamia kwa daktari mwingine, bingwa wa kupanga meno, kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga eksirei. Aliiweka mbele ya taa akanionyesha. Mizizi ya meno mengine ilikuwa imechongoka kama penseli iliyotoka kuchongwa. Ya meno mawili makubwa ya mbele juu ilikuwa butu, kama penseli iliyovunjika ncha. Alikadiria mmoja umepungua kama milimita 4. Mzizi wa jino lile kwa kawaida una milimita 13 hivi, kwa hiyo karibu theluthi ilikuwa imeondoka na mimi sina habari.

Akaniuliza, "Uliwahi kuanguka ukagonga meno ya mbele?" Niliwahi. Nikiwa na miaka tisa, Tanga, nilianguka na baiskeli, jino likacheza wiki nzima. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kabla, nami sikujua kwamba ni habari ya kusema. Jino lililowahi kupata kishindo mzizi wake huliwa kwa urahisi zaidi waya ukianza kuvuta.

Alichonieleza ni hiki. Nguvu ikiwa ndogo, damu inaendelea kupita kwenye ule utando na kazi ya kula na kujenga inakwenda sawa. Nguvu ikizidi, damu inakatika na sehemu ya utando inakufa, halafu chembe zinazokuja kuusafisha zinakwangua na ngozi ya mzizi. Vidonda vidogo vya juujuu hujiziba. Ncha ikishaondoka hairudi. Aliacha kunikaza miezi mitatu nzima, kisha akaendelea kwa nguvu ndogo zaidi. Nilifunguliwa waya miaka sita iliyopita, na picha ya mwaka jana inaonyesha urefu ule ule, kwa sababu nguvu ikiondoka, kuliwa nako kunasimama. Meno hayachezi. Mahindi ya kuchoma sing'ati tena kwa meno ya mbele, napukuchua.

Kwa hiyo jirani amechanganya mambo. Kung'oa gego hakuli mzizi wa jino la mbele. Kinachoula ni kuvutwa: umbali, muda na nguvu. Ila nisikufiche, meno yakishang'olewa ya mbele husafiri mbali zaidi kwenda nyuma, kwa hiyo hatari inaongezeka. Kwa watu wengi upungufu haufiki milimita 2 na hawaujui maisha yao yote. Wanaofikia hali kama yangu ni wachache katika kila 100. Tena ncha ya mzizi ni nyembamba, kupoteza pale si sawa na kupoteza mfupa wa shingoni mwa jino kwa ugonjwa wa fizi. Fizi za binti zikivuja damu, zitibiwe kwanza, waya baadaye.

Na kutong'oa nako kuna gharama. Mmarekani Edward Angle, anayehesabiwa baba wa fani hii ya kupanga meno, alikataa kabisa kung'oa. Mwanafunzi wake Charles Tweed alifuata njia hiyo, akaona wagonjwa wake meno yamechomoza na hayatulii, akawatibu upya 100 kwa kung'oa magego madogo, na mwaka 1940 akawaonyesha wenzake matokeo. Meno yaliyobebana ukiyalazimisha yote yakae kwenye taya dogo, yanasukumwa mbele kwenye ukuta ule mwembamba wa mfupa. Mdogo wangu alikataa kung'oa, na fizi zake za mbele chini sasa zimeshuka, shingo za meno ziko wazi, maji baridi yanamchoma.

Muulize daktari kwa nini ni manne, na meno ya mbele atayarudisha nyuma kiasi gani, maana hata nyuma yake mfupa una mwisho. Mwambie kama binti aliwahi kuanguka. Na kama alipokuwa mchanga alikwanguliwa uvimbe wa ufizi, yale yanayoitwa meno ya plastiki, sema bila aibu, kwa sababu kinachokwanguliwa pale ni vichipukizi vya chonge, na chonge zikikosekana au zikiota vibaya huenda meno ya kung'oa yakawa mengine kabisa. Kisha omba picha ya meno ya mbele irudiwe kama miezi sita baada ya kuanza. Akisema haina haja, mwambie akueleze sababu.

Na picha ya kwanza ombeni nakala mkaihifadhi nyumbani. Daktari wa pili aliponiomba ya kwangu sikuwa nayo, na kule nilikoanzia walisema hawaioni. Ndiyo maana ile milimita 4 ni makadirio tu. Urefu halisi wa mizizi niliyoanza nayo hakuna anayeujua.